Korosho za Watu Wasiokuwepo

Mtoto wa Anastasia alifunga safari kutoka bara ya Lindi hadi huku Miteja kuja kunipa taarifa kwa mdomo wake. Angeweza kupiga simu, namba yangu anayo, lakini alisema mama yake alimwachia agizo: "Hadija asiambiwe kwenye simu. Mfuate." Basi alinifuata, akanikuta napalilia mihogo, akasimama pembeni ya shamba na kofia mkononi, na kabla hajasema shikamoo nilikwishajua. Kesho yake tulipanda basi pamoja kwenda maziko. Ndani ya basi redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya juu, watu wanajadili ni serikali ya namna gani inayoleta maendeleo, na kijana mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka akanichagua mimi wa kuzungumza naye. "Nchi hii, Bibi, inataka mtu mmoja mkali. Akisema fanyeni, inafanywa. Huku kuulizana-ulizana ndiko kunakotuchelewesha." Alikuwa na uso mzuri, umri wa wajukuu zangu. Nilimwambia, "Huenda, mwanangu," nikageukia dirishani, kwa sababu nilichokuwa nacho kooni hakikutosha kwenye mazungumzo ya basi. Kilikuwa mwaka mzima.

Mwaka huo nilikuwa msichana niliyemaliza shule karibuni, na nilipata kazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho nje kidogo ya mji wa Lindi. Jina lake sitalitaja. Wengi wa walioamuru kijengwe wametangulia mbele ya haki, na waliobaki ni wazee kama mimi. Kilikuwa kipya kabisa. Ukumbi wa kubangulia ulikuwa mrefu kiasi kwamba mtu aliyesimama mwisho wake humtambui sura, kuta zimepakwa rangi nyeupe, sakafu ya saruji inang'aa, na katikati zimepangwa mashine kutoka nje, za kijani, zenye maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Asubuhi king'ora kililia, tukatoka bwenini tumevaa aproni za bluu, tukajipanga, nyapara akaita majina, kila mmoja akaitika "Nipo," tukaingia ndani, tukakaa kwenye viti vyetu kando ya meza ndefu za bati. Kisha mashine zikawashwa. Na korosho hazikuwepo.

Sisemi zilikuwa chache. Wiki ya kwanza zilikuja kiasi cha magunia kadhaa, tukazibangua, tukafundishwa kujipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasituunguze. Baada ya hapo, hakuna. Lakini king'ora kililia vilevile, majina yaliitwa vilevile, na mashine ziliwashwa vilevile, kwa sababu iliagizwa kiwanda kifanye kazi na hakuna aliyeagizwa kukizima. Asiyewahi kusikia mashine ya kubangua ikibangua hewa hawezi kuelewa. Ikiwa na korosho, inanguruma na kukohoa, inameza kitu. Ikiwa tupu inatoa mlio mwembamba, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na mlio ule unaingia kwenye meno. Sisi tulikaa mezani, wanawake wengi, mikono tumeiweka mbele yetu juu ya bati. Mwanzoni tulipiga soga. Baadaye soga ziliisha. Siku moja nilitazama upande wa pili wa meza nikaona mama mmoja mikono yake inakwenda: anachukua, anamenya, anatupa ganda kushoto, anaweka kiini kulia, taratibu kabisa, na hana kitu mkononi. Nilimgusa bega. Alinitazama kama mtu niliyemwamsha usingizini. Wiki iliyofuata walikuwa wengi wanaofanya hivyo, na nyapara alipopita nyuma yao hakuwazuia. Nadhani kwake ilikuwa afadhali kuliko mikono iliyotulia.

Sababu ya korosho kutokuwepo tuliijua wote na hakuna aliyeitamka. Miaka michache nyuma watu wa bara ya Lindi walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye vitongoji vyao, kila ukoo ulipokuwa katikati ya mikorosho yake, wakapelekwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari. Mikorosho haikuhamishwa. Ilibaki huko nyuma, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na kulala huko ilikuwa marufuku. Chama cha ushirika cha wakulima, ambacho wazee walikiunda wenyewe, nacho kilikuwa kimevunjwa. Bei ilitoka juu na mnunuzi alitoka juu. Nisionekane sina shukrani. Mimi kusoma nilisoma kwa sababu ya vijiji vilevile. Zahanati ya kwanza kuiona maishani niliiona kijijini, na mwalimu aliyenifundisha kuandika jina langu alitumwa na serikali ileile. Waliotuamuru hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linaloniweka macho hadi leo. Walitutakia mema. Ila hakukuwa na mlango wa sisi kuwaambia kwamba mema yao yametupotea njiani.

Chumba cha bweni niligawana na Anastasia. Alikuwa Mmwera, Mkristo, mrefu, mwenye mwanya, na mwenye tabia ya kujibu swali kabla hujalimaliza. Vitanda viwili vya chuma, sanduku langu la bati, msalaba wake ukutani juu ya kichwa chake, na mswala wangu umekunjwa chini ya mto wangu. Sukari haikupatikana mwaka ule. Tulikunywa chai na kochoko, yaani mabibo ya mkorosho yaliyokaushwa juani, unatafuna kipande unashushia na chai. Alinifundisha kuyachagua yasiyokwaruza koo. Kuhusu kwao hakupenda kusema sana. Alisema tu kitongoji chao kiliitwa Nalimbe, na kwamba wakati wa kuhama bibi mmoja jirani yao, Bibi Veronika, alipotea njiani. "Tulimtafuta," alisema, "tukaambiwa amekufa, tuache kutafuta. Tukamwekea matanga bila maiti. Nililia hadi nikaugua, kwa sababu yeye ndiye aliyenilea mama alipokuwa shamba."

Jikoni alikuwepo Bi Somoe, mama wa mjini Lindi, mnene, mpole, mwenye ushungi mweupe siku zote. Wasichana tulimsaidia zamu kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, mchana mmoja niko naosha masufuria, nikasikia sauti kutoka ofisi ya meneja iliyopakana na jiko. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Meneja alikuwa mtu mstaarabu, mkimya, mwenye miwani. Aliyekuwa naye alikuwa mkubwa mmoja kutoka ofisi za mjini.

"Korosho hakuna," meneja alisema.

"Usiniambie hakuna. Nimeshasema zipo."

"Umemwambia nani?"

"Nimewaambia walioniuliza. Nao wameshawaambia waliowauliza wao. Sasa zipo."

Nikasikia kiti kinavutwa.

"Mgeni anatoka juu kabisa," yule mkubwa akaendelea, sauti yake haina hasira hata kidogo, kama anayemwelekeza mtu njia. "Atakuja kuona kiwanda kinavyofanya kazi. Atakiona kinafanya kazi."

Bi Somoe alikuwa amesimama karibu yangu na mwiko mkononi. Tulitazamana. Aliinamia sufuria, akaanza kukoroga ugali, na mdomo wake ulikuwa unasoma dua.

Siku mbili tatu baadaye tulipandishwa kwenye tela la trekta, wanawake kiasi cha kujaza tela, tukapewa magunia matupu. Tuliambiwa tunakwenda kuokota. Tuliondoka asubuhi, tukaiacha barabara kuu, tukashika njia iliyokuwa imefunikwa na majani hadi kwenye magurudumu. Matawi yalitupiga usoni. Anastasia alikuwa anaitazama miti tangu tulipokata kona, kisha akanishika mkono akanibana. "Hii njia naijua," akasema. Baada ya muda akasema tena, polepole zaidi, "Hadija, hii ni njia ya kwetu."

Mahame nilikuwa nimeyaona kabla. Kila mtu wa pwani ya kusini ameyaona: kuta zinazomomonyoka, mpapai umeota sebuleni. Nalimbe haikuwa hivyo. Mikorosho ilikuwa imekua hadi matawi yakashikana juu, ndani giza la kijani saa nne asubuhi, na ardhi imetandazwa mabibo yaliyooza, yananuka uchachu hadi kichwa kinazunguka. Trekta lilipozimwa hapakusikika ndege. Tulitembea kidogo, tukatokea kwenye uwanja wa nyumba, na hapo wote tukasimama. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mistari ya fagio ilionekana wazi kwenye mchanga, mipya, hakuna hata jani moja. Mbele yake uwanja mwingine, umefagiliwa. Na mwingine. Nyumba zenyewe zilikuwa zimekandikwa, mapaa yametiwa makuti viraka viraka, milango imefungwa kwa kamba za miyaa. Kitongoji kizima kilikuwa kimetunzwa kama cha watu waliokwenda sokoni, na hakuna mtu. Mama mmoja kati yetu akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye tela. Nyapara, mwanamume mzima, alisema, "Fungua mlango ule," lakini hakuufungua yeye.

Anastasia ndiye aliyefungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba yao, akafungua kamba, mlango ukafunguka kidogo ukakwama. Akasukuma kwa bega. Kikasikika kitu kinaporomoka ndani, mporomoko mrefu, mkavu, na korosho zikatoka kupitia mwanya wa mlango zikamfunika miguu. Tukachungulia dirishani. Chumba kilikuwa kimejaa korosho hadi usawa wa dirisha. Chumba cha pili vilevile. Tukafungua nyumba ya jirani, nayo imejaa. Mahali pa kitanda, mahali pa mafiga, kila mahali ni korosho, zimekaa kwenye giza lao zimetulia, na joto linatoka humo kama kwenye chumba chenye watu waliolala. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa zile nyumba.

"Mmekuja kunihamisha tena?"

Sauti ilitoka nyuma yetu. Alikuwa kikongwe mwembamba, kaniki imemchakaa, fagio la chelewa mkononi. Wanawake wawili walikimbia. Anastasia hakukimbia. Alipiga magoti pale mchangani, akasema, "Shikamoo, Bibi," na kikongwe akaitikia "Marahaba" kama kawaida, akamsogelea, akamshika kidevu akamgeuza uso umwelekee.

"Wewe si wa nyumba ile?"

"Ndiyo, Bibi. Anastasia."

"Umekonda."

"Bibi, sisi wewe tulikuwekea matanga."

"Nilisikia," Bibi Veronika akasema. "Mlifanya vizuri. Mtu aliyekufa hahamishwi."

Tukakaa chini, hata waliokimbia wakarudi, na akatueleza kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi za nyumbani. Siku ya kuhama alijitenga na msafara akarudi. Wakubwa wakamwandika amekufa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kusema amegoma. Akabaki. Msimu ulipofika mikorosho ikadondosha, na hakuvumilia kuona mali za watu zinaoza, akaanza kuokota. Za mikorosho ya ukoo fulani aliziweka kwenye nyumba ya ukoo huo, bila kuchanganya. Msimu uliofuata hivyohivyo. "Wakirudi," alisema, "kila mtu akute chake. Asije mtu akasema Veronika aliniibia." Nikamuuliza, "Na wasiporudi, Bibi?" Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jua litachomoza wapi. "Mikorosho yao iko hapa," akasema. "Watakwenda wapi?"

Nyapara alikuwa amesimama akisikiliza, na niliona kwamba yeye mwenyewe haipendi kazi iliyombidi. Lakini alikuwa na agizo. Alisema, "Haya, akina mama. Magunia." Anastasia alimwambia hizi ni za watu. Nyapara akajibu, "Watu gani? Hapa kiserikali hakuna watu." Tulizoa siku ile na siku zilizofuata, nyumba baada ya nyumba. Bibi Veronika hakupiga kelele. Alikwenda nasi mlango hadi mlango, na tulipokuwa tunajaza alitaja jina la mwenye nyumba, moja baada ya jingine, kwa sauti ya wastani, na kila nyumba tuliyoimaliza aliingia akafagia vumbi, akatoka, akaufunga mlango upya kwa kamba.

Mgeni alikuja. Njia ilikuwa imemwagiwa maji isitimue vumbi, watoto wa shule wamepangwa wanaimba, na ukumbi kwa mara ya kwanza ulinguruma kwa sauti yake ya kweli. Sehemu kubwa ya zile korosho zilikuwa zimekaa humo tangu misimu iliyopita; ndani ya ganda kulikuwa na unga mweusi. Tulikuwa tumezichagua zenye viini vyeupe, tukaziweka kwenye sinia za mbele, na za unga zilikuwa nyuma ambako hatafika. Mgeni alikuwa mtu mwenye kicheko kizuri. Alishika kiini kimoja, akakila, akafumba macho. Kisha akapanda jukwaani akatwambia kwamba wapo waliosema watu wakihamishwa korosho zitakufa, na leo ameona kwa macho yake kuwa walisema uongo. Akasema kwa mavuno haya kiwanda kimoja hakitoshi, kitajengwa cha pili. Makofi. Akauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna neno kutoka kwa wafanyakazi. Desturi ilikuwa pia kwamba hakuna.

Anastasia akasimama. Nilimshika upindo wa kanga nimvute, na kanga ikanitoka mkononi.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilifika mwisho wa ule ukumbi. "Naitwa Anastasia. Korosho hizi zimetoka kwenye mahame, ni za watu waliohamishwa. Bibi mmoja kaziokota peke yake. Hakuna nyingine. Mashine hizi huwa zinazunguka bure. Tunaomba watu waruhusiwe kurudi kwenye mikorosho yao, halafu mje tena muone."

Kisha mbele mtu akaanza kupiga makofi, wa pili akamfuata, na makofi yakapanda hadi ukumbi mzima ukatetemeka, yakaendelea na kuendelea. Mgeni aliinua mkono kuyatuliza. Alikuwa anatabasamu. Akamtazama Anastasia usoni, kwa upole wa kweli kabisa, akasema, "Ahsante sana, binti, kwa shukrani zako. Tumezipokea." Nimejiuliza maisha yangu yote kama alikuwa amesikia. Nafikiri alisikia maneno. Lakini kati ya mdomo wa Anastasia na sikio lake palikuwa na watu wengi mno, na kila mmoja aliligeuza neno kidogo, na hata walipokuwa wamesimama chumba kimoja, bado lilipita kwao.

Asubuhi iliyofuata nilipoamka, kitanda cha Anastasia kilikuwa chuma kitupu. Godoro limeondolewa, msalaba umeondolewa, hata msumari wake umeng'olewa. Nililala chumba kilekile na sikusikia kitu. Tulijipanga. Nyapara akaita majina, na alipofika mahali pa jina lake akapita, kutoka la kabla hadi la baada, bila hata kupumua katikati.

"Umemruka Anastasia," nikasema.

Hakuinua macho. "Nani?"

"Anastasia. Ninayelala naye chumba kimoja."

"Wewe unalala peke yako, Hadija. Tangu ulipokuja." Na midomo yake ilikuwa imekauka.

Nilitazama mstari mzima wa wanawake, na kila niliyemtazama aliangalia miguu yake. Mezani kiti chake kilikuwa kimeondolewa na viti vingine vimesogezwa, hakuna pengo. Mashine zikawashwa, tupu tena, zikaanza kuimba. Nilikaa mle ndani na hofu ikanipanda ambayo si ya kupigwa wala kufungwa. Niliogopa kwamba ikifika jioni nami nitakuwa nimeanza kuamini. Nilijitajia kimoyomoyo: mwanya wake, kochoko, namna anavyojibu kabla hujamaliza. Mchana tulipokwenda kula, Bi Somoe alipakua sahani zetu, ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki mkavu, kisha akapakua moja zaidi, akaja nayo hadi mezani kwetu, akaiweka kando yangu mahali ambapo Anastasia alikuwa anakaa. Akaweka na maji ya kunawa. Nyapara aliiona, akageuza uso. Kesho yake akafanya hivyo tena, na keshokutwa, na hakuna aliyethubutu kuigusa wala kuiondoa, na wanawake walikula wakiitazama kwa pembe ya jicho. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mama mmoja alinong'ona, "Alipenda vya kuungua chini ya sufuria." Mwingine akasema, "Ndiyo. Alipenda ukoko."

Nikaenda kwa meneja. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, miwani ameivua, na bila miwani alionekana mtoto. Nikamwambia nataka kujua Anastasia yuko wapi. Nilitegemea aniulize Anastasia gani. Badala yake alisema, "Kiwanda cha pili kimepitishwa. Nimeambiwa nitakuwa meneja wa vyote viwili." Akacheka kidogo, cheko la ajabu, kisha akaegemea mbele. "Nilisoma haya mambo, binti. Uchumi. Nilifaulu vizuri sana. Kila ninachokipeleka juu kinarudi kikiwa kimepata baraka, na nikipeleka kwamba sina korosho, kinarudi kimeandikwa nimepata." Nilipokwisha kugeuka kuondoka akasema mgongoni kwangu, haraka, "Alipakiwa kwenye lori la maganda. Aliteremshwa njia panda ya bara. Sikukuambia mimi."

Niliaga kwamba nyumbani kuna mgonjwa, nikapanda gari hadi njia panda, na kutoka hapo nikatembea. Nilijua pa kwenda. Nilifika Nalimbe mchana, uwanja umefagiliwa kama nilivyouacha, na nikawakuta wawili wamechuchumaa chini ya mikorosho wanaokota, Bibi Veronika na Anastasia, migongo yao inafanana. Anastasia alinyanyuka, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi.

"Wanasemaje kiwandani?"

"Wanasema hujawahi kuwepo."

Alicheka mpaka mwanya ukaonekana wote. "Basi nimefika kwetu. Hapa sote hatupo." Kisha uso wake ukabadilika, akanishika mabega. "Lakini wewe ulijua nipo?"

"Nilijua."

Akaanza kulia. Hakuwa amelia walipompakia, aliniambia, wala walipomshusha, alilia pale. Sikurudi kiwandani. Nilikaa nao hadi mvua zilipokaribia, tukaokota, tukajaza nyumba upya, na Bibi Veronika alitusimamia tusichanganye. Nilijifunza majina ya wenye nyumba wote bila kuwahi kuwaona. Wakati mwingine mchana, nikimimina korosho kwenye chumba cha mtu fulani, nilijikuta nabisha hodi kwanza.

Kiwanda cha pili kilichimbiwa msingi. Mashine zake zilikuja kwa meli zikiwa kwenye makasha, na makasha yale nimeyaona kwa macho yangu miaka baadaye, yamefunikwa na nyasi, hayajafunguliwa. Kile cha kwanza kilinyamaza siku moja, na wengi wa mjini hawakugundua ni siku gani. Amri nazo zililegea, si kwa tangazo. Watu walianza tu kurudi. Wa kwanza kufika Nalimbe, Anastasia aliniandikia, alikuwa mwanamume na wanawe, walisimama msituni muda mrefu wakiogopa kutoka, kwa kuwa waliona moshi na viwanja vilivyofagiliwa. Bibi Veronika aliwaita kwa majina yao. Alikufa misimu michache baadaye, na safari hii walimzika kweli.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nilipofika kwenye maziko ya Anastasia. Nalimbe sasa ina nyumba za bati na nguzo za umeme. Tulimzika karibu na kanisa, na mimi niliruhusiwa kutia mchanga na watoto wake. Baada ya hapo tulikaa msibani, wanawake upande mmoja, na wanaume wakaanza kuzungumza chini kwa chini, kisha si chini tena. Niliuliza kuna nini. Mtoto wa Anastasia akaniambia kwa aibu kwamba halmashauri imeleta mpango wa kujenga kiwanda kidogo cha korosho hapo kijijini, mkutano wa kijiji umekaa mara kadhaa na haujakubaliana: wengine wanataka kijengwe kisimani, wengine hawakitaki kabisa mpaka wajue nani atapanga bei, na diwani amechoka nao. "Msimu wa pili huu, mama mdogo. Tunabishana tu. Yule kijana wa kwenye basi hakukosea sana."

Diwani mwenyewe alikuwa pale, amevaa suti, anatoka jasho. Mzee mmoja alisimama akamnyooshea kidole usoni. "Hapana! Nimesema hapana, na kesho nikifufuka nitasema hapana!" Kijana mmoja akamkatiza mzee. Mama mmoja kutoka upande wetu naye akapaza sauti kwamba kisima ni cha wanawake na hawajaulizwa wanawake. Diwani akawa anajaribu kumjibu kila mmoja, anaapa, anaomba asikilizwe. Katekista alisimama, akakunja uso, akasema jamani huu ni msiba, tumheshimu marehemu, tunyamaze.

"Waache," nikamwambia, na nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka kubwa. "Tafadhali, mwanangu. Waache waseme."

Walinitazama, mwanamke mgeni wa pwani mwenye mchanga wa kaburi kwenye kucha. Kisha yule mama wa kisimani akavuta pumzi akaendelea pale alipoishia, na mzee akamjibu, na nikajiegemeza kwenye ukuta nikafumba macho nikiwasikiliza.